Fataki: nimu inalinda maharagi, lakini haizuii tauni

Mavuno yakiisha Fataki, gunia la maharagi mara nyingi linalala ndani ya nyumba, katika chumba kile kile wanamolala watoto. Ghala la nje lilichomwa, au liliangukia chini wakati mwenyewe akiwa mkimbizi, au linaweza kuvunjwa usiku na watu ambao hakuna anayethubutu kuwauliza majina. Tangu mapigano yaanze tena katika wilaya ya Djugu mwezi wa Desemba 2017, watu wa eneo hili la kaskazini ya Bunia wamekimbia, wamerudi, na wengine wamekimbia tena. Mtu aliyerudi kwa namna hiyo anataka chakula chake kiwe mahali anapoweza kukigusa gizani.

Hapo taabu nyingine inaanza. Fukusi wanatoboa maharagi. Panya wanafuata mahindi na maharagi hayo. Viroboto wanakuja juu ya panya. Na katika nyanda za juu za Ituri kiroboto anaweza kuleta tauni, ugonjwa ambao wengi hapa wanauita peste, na ambao Fataki inaujua kwa karibu.

Dhidi ya hao wote jina moja linatajwa sana, sokoni na katika ujumbe unaozunguka kwenye simu: nimu. Majani yake yachemshwe kwa malaria, yatandazwe chini kwa viroboto, yatiwe ndani ya gunia kwa fukusi, mafuta yake yapakwe kwa upele. Sehemu ya sifa hizo ni ya kweli na imepimwa na wataalamu kwa miaka zaidi ya hamsini. Sehemu nyingine, mtu akiifuata, inaweza kumpotezea mtoto.

Mti wa nchi ya joto

Nimu ni mti wa Asia, kutoka India na Burma. Kwa Kifaransa unaitwa margousier. Ulifika kwenye pwani ya Afrika Mashariki pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, na Waswahili wa Mombasa, Tanga na Zanzibar wakauita mwarobaini, kwa maana ya kwamba unaponya magonjwa arobaini. Jina ni zuri, na wauza dawa wanalipenda sana. Hesabu yenyewe hakuna aliyeifanya.

Nimu inapenda joto na jua, inavumilia ukame na udongo maskini, lakini baridi inaudumaza, na haipendi mizizi yake ikae ndani ya maji. Mtu anayeshuka kutoka Djugu hadi ufuko wa Ziwa Albert, Tchomia au Kasenyi, anafika kwenye mita kama 620 juu ya usawa wa bahari. Huko nimu inajisikia nyumbani. Nyanda za juu kuelekea Fataki na Rethy ni habari nyingine. Sehemu nyingi zinapita mita 1 500, usiku ni wa baridi, ukungu unachelewa kuondoka asubuhi. Mche wa nimu uliopandwa huku unaweza kuishi, lakini unakua polepole na kuzaa kwake ni kwa bahati. Na nguvu kubwa ya nimu iko ndani ya mbegu. Mti usiozaa una majani tu, na majani ni dhaifu kuliko mbegu.

Kwa hiyo nimu inayotumika Fataki kwa sehemu kubwa ni nimu ya kununua: majani makavu ndani ya mfuko, unga, chupa ndogo ya mafuta isiyo na tarehe wala jina la aliyeikamua. Mnunuzi hawezi kujua kama majani yalikaushwa kivulini au yalichomwa na jua mpaka yakaisha nguvu. Hilo ni jambo la kwanza ambalo ujumbe wa simu hausemi.

Nzige waliokataa kula

Sayansi ya nimu ilianza kwa jambo ambalo mkulima yeyote angeweza kuliona. Mwaka 1959, nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona kundi la nzige likishuka na kula kila kitu cha kijani, isipokuwa miti ya nimu. Nzige walitua juu yake, kisha wakaondoka bila kuila. Mwaka 1968 wakemia wa Uingereza, Butterworth na Morgan, walifaulu kutoa ndani ya mbegu kitu kinachofanya hivyo, wakakiita azadirakitini. Muundo wake ni mgumu kiasi kwamba timu ya profesa Steven Ley wa Cambridge ilifanya kazi miaka 22 kabla ya kuweza kukitengeneza maabara, mwaka 2007.

Azadirakitini haiui mdudu papo hapo kama dawa ya duka. Inamharibia chakula, hataki tena kula. Kiwavi aliyekula kidogo anashindwa kujivua ngozi ili akue, anabaki hivyo mpaka anakufa, au anakuwa mkubwa bila uwezo wa kutaga. Mkulima anayepulizia nimu asubuhi na kutazama mchana ataona viwavi bado wako pale na kusema dawa ni bure. Anapaswa kutazama baada ya siku tatu au nne, na kutazama jani, kama linaendelea kuliwa au limepumzika.

Wahindi walijua hayo kwa vizazi bila kujua jina la azadirakitini, na ujuzi huo ulikaribia kuchukuliwa. Mwaka 1994 ofisi ya hati miliki ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani W. R. Grace, pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani, haki juu ya njia ya kutumia mafuta ya nimu dhidi ya ukungu wa mimea. Wapinzani, akiwemo Vandana Shiva wa India, walikwenda kuonyesha kwamba wakulima walikuwa wakifanya hivyo zamani. Hati ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ya mwisho ikakataliwa Machi 2005. Ni mara chache ujuzi wa mkulima asiyejulikana umeshinda mbele ya meza ya namna hiyo.

Kwa shamba, namna inayofundishwa mara nyingi ni hii. Matunda yaliyoiva yanaokotwa, nyama ya tunda inaoshwa, mbegu zinakaushwa kivulini mpaka zikauke kabisa; zikiota ukungu zinatupwa. Maganda yanatolewa, kiini kinatwangwa. Nusu kilo ya unga huo inalowekwa katika lita 10 za maji usiku mzima, asubuhi inachujwa kwa kitambaa, inatiwa sabuni kidogo ili ishike kwenye majani. Inapuliziwa jioni, kwa sababu jua linaiharibu haraka, na mvua inaiosha. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilifundisha njia kama hizi kwa wakulima wa Kenya katika miaka ya 1990. Tangu viwavi jeshi vya Amerika viingie Afrika mwaka 2016 na kuanza kula mahindi ya Kongo pia, maswali juu ya nimu yameongezeka. Dhidi yao inasaidia ikiwa viwavi bado ni vidogo na dawa imeingia ndani ya moyo wa mhindi, pale majani mapya yanapotokea. Kiwavi kikishakuwa kinene na kujificha ndani, kuchelewa kumeshatokea.

Maharagi yanaingia nyumbani na mgeni

Turudi kwenye gunia. Katika nchi ya baridi kama Fataki, adui mkubwa wa maharagi ni fukusi mdogo wa rangi ya kahawia ambaye anaanza kazi yake shambani, kabla ya mavuno. Jike anataga kwenye maganda yaliyokauka. Mwanamke anapopura na kupepeta, mayai na vibuu vidogo tayari viko ndani, na jicho halivioni. Baada ya wiki kadhaa tundu la duara linaonekana kwenye punje, mdudu anatoka, anataga tena kati ya punje nyingine. Kutoka hapo gunia linageuka unga.

Njia ya wazee ya Kongo ya mashariki ni majivu. Majivu ya kuni, makavu na yaliyochekechwa, yanachanganywa na maharagi mpaka kila punje ivae vumbi. Majivu yanajaza nafasi kati ya punje, yanakwangua ngozi ya mdudu na kumkausha. Yanafanya kazi yakiwa mengi. Kijiko kimoja kwa gunia ni kujidanganya. Ubaya wake ni kwamba maharagi ya kuuza yanapoteza sura, na mnunuzi wa Bunia anakata bei.

Nimu hapa inasaidia. Mafuta yake, mililita mbili au tatu kwa kilo moja ya maharagi, yakipakwa vizuri, yanazuia mayai kuanguliwa na kulinda kwa miezi. Lakini yana uchungu na harufu ya vitunguu vilivyooza, na bei ya chupa inayotoka mbali inaweza kula faida yote ya maharagi. Majani makavu yanayotandazwa kwa tabaka yanapunguza tu, hayamalizi.

Kuna njia nyingine ambayo haigharimu hata faranga moja. Kibuu cha fukusi huyu, kabla ya kuingia ndani ya punje, kinahitaji kujikaza kati ya punje mbili ili kiweze kutoboa, na kutoboa kunachukua saa nyingi. Punje ikigeuka, kibuu kinapoteza mahali pake na kuanza upya, mpaka nguvu zinamwishia. Watafiti wa chuo kikuu cha Michigan State, Marekani, walionyesha mwaka 1991 kwamba kuviringisha chombo cha maharagi mara kadhaa kwa siku kunapunguza wadudu karibu wote. Chombo kinapaswa kuwa na nafasi kidogo ili punje zitembee. Mtoto anaweza kuifanya kazi hiyo kabla ya kwenda shule na jioni kabla ya kulala, na watoto wanapenda kuviringisha vitu.

Mmea wa nyumbani wenye sura mbili

Katika baridi ambako nimu inadumaa, mmea mwingine unastawi bila kubembelezwa. Ni kichaka chenye majani madogo kama ya mkunde na maua meupe au ya zambarau, ambacho Waswahili wa pwani wanakiita utupa, na ambacho wataalamu wanakiita Tephrosia vogelii. Wanyarwanda wanakiita umuruku. Katika Kongo ya mashariki unapandwa karibu na nyumba na kando ya mashamba tangu zamani, na kila lugha ina jina lake.

Watu wengi waliujua kwanza mtoni. Majani yanapondwa na kutiwa majini, samaki wanalewa, wanaelea, wanaokotwa. Njia hiyo inaua na samaki wadogo na kila kitu kinachopumua majini, ndiyo maana imekatazwa na inaleta ugomvi kati ya vijiji vya juu na vya chini ya mto. Nguvu ile ile inayolewesha samaki inaua fukusi. Majani makavu, yaliyosagwa na kuchanganywa na maharagi ya akiba, yanafanya kazi ambayo nimu ya kununua inaahidi. Majani mabichi yaliyopondwa na kulowekwa yanatumika shambani, na wafugaji katika nchi mbalimbali za Afrika wanayatumia kuoshea ng'ombe wenye kupe.

Lakini watafiti waliopima mimea ya Malawi waligundua jambo ambalo linaeleza ugomvi wa zamani wa majirani, mmoja akisema dawa ni kali, mwingine akisema ni bure. Utupa una aina mbili zinazofanana kabisa kwa macho. Moja ina sumu ya wadudu, nyingine haina. Huko Malawi karibu robo ya wakulima waliochunguzwa walikuwa wanapanda aina isiyofanya kitu, wakisambaza mbegu zake kwa wengine kwa moyo mwema. Mkulima wa Fataki asiye na maabara anaweza kujaribu kwa njia rahisi: fukusi ishirini walio hai ndani ya chupa yenye maharagi na unga wa majani ya mmea wake, fukusi ishirini wengine ndani ya chupa isiyo na unga, na kungoja siku chache. Mmea usioua hauna sababu ya kutoa mbegu ya mwaka ujao.

Tahadhari haiepukiki. Maharagi yaliyohifadhiwa kwa utupa yanapepetwa na kuoshwa mara nyingi kabla ya kupikwa. Anayesaga majani afunike pua na mdomo. Maji ya kuoshea yasitupwe kwenye kijito wala kwenye bwawa la samaki.

Panya hasomi ujumbe wa simu

Hakuna kati ya dawa hizi inayomfukuza panya. Nimu ndani ya gunia haimzuii, utupa haumzuii, majivu anayakanyaga. Na panya ndiye mwenye uzito zaidi katika habari hii.

Tauni imejulikana katika nyanda za juu za Ituri tangu miaka ya 1920. Haikuondoka kamwe. Inakaa ndani ya panya na viroboto wao, inanyamaza miaka, kisha inatokea kijiji hiki au kile. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaitaja Kongo pamoja na Madagascar na Peru kama nchi tatu ambako ugonjwa huu umekaa zaidi. Katika zoni ya afya ya Rethy, jirani ya Fataki, watu 45 waliugua kati ya tarehe 11 Juni na 15 Julai 2020, na 9 kati yao walikufa. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya zoni ya afya ya Fataki yenyewe: kuanzia mwezi wa Aprili 2021 watu zaidi ya 100 walishukiwa kuwa na ugonjwa, na zaidi ya 10 walikufa. Wakati huo huo, tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilianza kutumika katika Ituri na Kivu ya Kaskazini kwa sababu ya vita. Timu za afya zilipaswa kutafuta wagonjwa katika vijiji ambavyo nusu ya watu walikuwa porini.

Namna ugonjwa unavyosafiri ilieleweka mwaka 1898, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alipoonyesha huko Karachi kwamba kiroboto ndiye mbebaji, miaka minne baada ya Alexandre Yersin kuipata bakteria yenyewe Hong Kong. Kiroboto anaishi juu ya panya. Panya akifa kwa tauni na mwili wake kupoa, kiroboto anaruka kutafuta damu nyingine ya joto. Akimkuta mtoto aliyelala kwenye mkeka chini, karibu na gunia, anamuuma.

Ndiyo maana kuua panya kwanza, kwa sumu au kwa fimbo, ni kosa ambalo watu wanalifanya kwa nia njema. Panya kumi waliokufa ukutani ni viroboto mamia walioachwa bila makao. Timu za kupambana na tauni zinafanya kinyume: kwanza zinapulizia dawa ya viroboto sakafuni, ukutani na kwenye matundu, kisha ndipo zinashughulika na panya. Dawa hiyo kwa kawaida ni ya kundi la pairetroidi, na hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa dawa za mimea wangefurahi kulijua. Pairetroidi zilitengenezwa kwa kuiga ua. Pareto, ua jeupe linalofanana na daisi, linapenda baridi ya milima; limelimwa kwa miaka mingi kwenye miteremko ya Kivu ya Kaskazini, Rwanda na Kenya. Wataalamu walisoma sumu ya ua hilo, wakatengeneza nyingine inayodumu ukutani majuma badala ya masaa. Mmea ulitoa wazo, maabara ikaongeza muda na kipimo.

Majani ya nimu yaliyotandazwa chini ya mkeka hayana kipimo hicho. Yanaweza kumsumbua kiroboto. Hakuna wa kuahidi kwamba yatamzuia, na pale penye tauni kiroboto mmoja anatosha.

Kinachosaidia nyumbani ni kazi ya mikono. Kitanda, hata cha miti, kinachoinua watoto kutoka sakafuni. Gunia kuwekwa juu ya vichanja, mbali na ukuta, na kama nafasi ipo, katika chumba kingine. Bidoni safi za mafuta ya kupikia, zile za lita 20, zinafaa kuliko gunia: maharagi yaliyokauka vizuri yakijazwa mpaka juu na kifuniko kufungwa kwa nguvu, fukusi waliomo wanamaliza hewa na kufa, na panya anapata tabu kutoboa. Pipa la bati ni bora zaidi, kwa anayeweza kulinunua. Anayetumia bidoni iliyojaa kabisa hana haja ya kuviringisha, wala ya nimu, wala ya utupa. Inashangaza kwamba jibu la fukusi na jibu la panya linaweza kuwa chombo kimoja chenye rangi ya njano, wakati wauza majani hawalitaji.

Chupa chungu na homa ya mtoto

Panapobaki ugomvi ni kwenye kunywa. Nimu ni chungu, na kwa watu wengi uchungu wenyewe ni ushahidi kwamba ni dawa, kwani kinini nayo ilikuwa chungu. Kulinganisha huko kunasahau jambo. Kinini ilitoka kwenye gome la mti, na Bukavu inaujua mti huo vizuri, kwa sababu kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitengeneza kinini huko kwa miaka mingi. Lakini kinini ya hospitali imepimwa, kila kidonge kina uzito wake. Vivyo hivyo artemisinini, ambayo timu ya Tu Youyou wa China iliitoa kwenye mmea wa pakanga mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kumletea tuzo ya Nobel mwaka 2015. Leo inachanganywa na dawa nyingine katika vidonge vya malaria vinavyotolewa kwenye vituo vya afya. Chai ya mmea huo huo, OMS haiipendekezi, kwa sababu kila kikombe kina kiasi tofauti.

Ndani ya nimu, maabara imepata vitu vinavyodhuru kijidudu cha malaria katika kioo. Kutoka kwenye kioo hadi damu ya mtoto wa miaka miwili ni mbali, na safari hiyo haijakamilika. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Siku mbili za kujaribu maji ya majani ni hizo hizo.

Mafuta ya nimu kwa kunywa ni hatari zaidi kuliko majani. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika juu ya watoto wachanga 13 walionyweshwa mafuta hayo na wazazi waliotaka kuwatibu magonjwa madogo; walianza kutapika, kusinzia, kupata degedege, ini na ubongo vikaguswa. Mafuta hayo yanajulikana pia kwa kuingilia uzazi, kwa hiyo mwanamke mwenye mimba, au anayetaka mimba, asiyanywe. Juu ya ngozi habari ni nyepesi: kijiti cha nimu kusafishia meno kimetumika India kwa karne nyingi, na kuoga maji ya majani kwa upele hakuna wa kugombana nako, mradi nguo na matandiko ya nyumba nzima vifuliwe siku ile ile.

Kwa tauni hakuna nafasi ya kujaribu. Inaanza kwa homa ya ghafla, kutetemeka, kichwa kuuma, na mara nyingi uvimbe wenye maumivu makali kwenye kinena, kwapa au shingo. Isipotibiwa, ile ya uvimbe inaua watu 30 hadi 60 kati ya 100. Ikiingia kwenye mapafu inaambukiza kwa kikohozi, na bila dawa haimwachi mtu. Wakati huo huo, antibiotiki za kawaida, kama jentamisini, doksisaiklini au siprofloksasini, zinaiponya zikianza mapema. Tofauti kati ya mtu anayepona na anayezikwa mara nyingi ni siku aliyofika kituoni. Wengi wanachelewa kwa sababu barabara haina usalama, au hakuna pesa ya pikipiki, au walianza kwa mganga aliyeona uvimbe na kuukata kwa wembe.

Ng'ambo ya mpaka, katika eneo la West Nile la Uganda, wilaya za Arua na Zombo zina tauni hiyo hiyo. Huko wataalamu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, pamoja na CDC ya Marekani, waliona kwamba kumpiga vita mganga wa kienyeji hakutoi matunda, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanaanzia kwake hata hivyo. Waliketi na waganga, wakawafundisha alama za ugonjwa, wakapatana nao kwamba mwenye homa ya ghafla na uvimbe apelekwe kliniki. Mganga aliendelea na majani yake kwa magonjwa mengine.

Katika vijiji vya zoni ya Fataki alama ya kwanza mara nyingi inaonekana kabla ya mtu yeyote kuugua: panya wanaokutwa wamekufa ndani ya nyumba au uani, bila mtu kuwawekea sumu. Wasiguswe kwa mkono, watoto wasiwachezee, nyumba isifagiliwe kwanza. Habari ipelekwe kwa muuguzi wa kituo cha karibu siku hiyo hiyo, hata kama kwenda ni kwa mguu.